Biashara ya viungo chumbani kwangu: jinsi ya kuanza nyumbani kwa simu moja na programu za bure

Paketi 45 za kwanza za viungo vya pilau niliziuza kwa siku sita, kila moja shilingi 1,500, na Jumamosi jioni nikaenda sokoni kununua samaki mkubwa. Kichwani nilikuwa nimeshapiga hesabu: viungo nimenunua kwa 52,000, mkononi nina 67,500, basi nimepata 15,500. Mzigo wa pili ukaenda vivyo hivyo. Mzigo wa tatu nikafika kwa muuza iliki na pesa haitoshi, wala sikuwa nimemkopesha mtu. Ndipo nilipokaa chini na kalamu. Kumbe kila paketi niliyouza, nilikuwa natoa shilingi mia mbili zangu namwongezea mteja.

Naishi Ngamiani, Tanga mjini, na watoto watatu. Nafungasha viungo vya pilau na viungo vya chai. Karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga nazifuata Muheza, zinakoshuka kutoka kwa wakulima wa Usambara Mashariki. Binzari nyembamba nanunua hapa hapa mjini, kwa maduka ya jumla. Kutafuta wateja, kupokea pesa, kuandika madeni, kutengeneza lebo, yote nafanya kwa simu moja iliyopasuka kioo pembeni. Programu ninazotumia hazinidai hata senti. Ninacholipia ni bando, shilingi 10,000 kwa mwezi.

Kina mama wenzangu wakinijia huniuliza, dada, na mimi nipakue programu gani? Nami huwauliza kwanza: bidhaa yako moja inakugharimu kiasi gani mpaka inafika mkononi mwa mteja? Wengi hutaja bei ya malighafi, wananyamaza. Tuanzie hapo.

Hesabu ya paketi moja

Hii ndiyo hesabu yangu ya mzigo mmoja, kwa bei nilizonunulia mimi. Zako zitakuwa tofauti, ila njia ni ile ile.

Binzari nyembamba kilo 1, 18,000. Pilipili manga nusu kilo, 9,000. Mdalasini nusu kilo, 6,000. Karafuu gramu 200, 5,000. Iliki gramu 200, 14,000. Jumla 52,000 kwa viungo vya uzito wa kilo 2.4. Lakini ukishachambua vijiti na mawe, ukakaanga, ukasaga, hupati tena kilo 2.4. Mimi hupata kilo 2.25 hivi, yaani paketi 45 za gramu 50. Hizo gramu 150 zimekwenda na moshi, takataka na vumbi la mashine, na zimelipiwa.

Sasa yale niliyokuwa siyahesabu. Kusaga 3,000. Mkaa 2,000. Nauli ya Muheza kwenda na kurudi ni 6,000, nami hununua ya mizigo miwili kwa safari moja, kwa hiyo mzigo mmoja unabeba 3,000. Vifuko vyenye zipu 200 kila kimoja na lebo 60, mara 45 ni 11,700. Bando la mwezi nagawa kwa mizigo miwili, 5,000. Ukijumlisha na 52,000 unapata 76,700. Gawa kwa 45: shilingi 1,704 kwa paketi moja. Na mimi nilikuwa nauza 1,500. Mzigo ule wa kwanza ulionipeleka kununua samaki ulikuwa umenila 9,200.

Hapo bado sijajilipa. Mzigo mmoja unanichukua siku mbili za kazi. Nilijiwekea 15,000 kwa siku hizo mbili, na gharama ikapanda mpaka 2,038 kwa paketi. Wako watakaokwambia kazi ya nyumbani haina malipo kwa kuwa upo nyumbani tu. Usiwasikilize. Siku ukiugua ukamwita binti wa jirani akusaidie, yeye hatakaanga bure.

Leo nauza 3,000 kwa rejareja na 2,500 kwa anayechukua paketi kumi na kuendelea. Niliogopa sana kupandisha bei. Nikapoteza wateja wachache, nikabaki na wale wanaorudi.

Hesabu hii ifanye kwanza kwenye karatasi, kabla hujafungua ukurasa wowote mtandaoni. Vitu vya kununua mwanzoni ni vichache mno. Mimi nilinunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu, basi. Kipimo cha kijiko kilikuwa kinanidanganya: kijiko cha asubuhi na kijiko cha jioni nikiwa nimechoka havikuwa sawa.

Kutoka daftarini kwenda kwenye simu

Daftari ni zuri, nami ninalo mpaka leo, limejaa madoa ya manjano. Tatizo lake halijumlishi, na likilowana umekwisha. Kwa hiyo nikajifunza Google Sheets, ambayo ni jedwali kama la Excel, ya bure, inayokaa kwenye akaunti ya Gmail. Ukiruhusu faili lako litumike bila intaneti, unaandika hata bando likiwa limekwisha, na mtandao ukirudi linajihifadhi lenyewe.

Jedwali langu lina safu nane. A ni tarehe, B jina la mteja, C bidhaa, D idadi, E bei, F jumla, G amelipa, H namba ya mzigo. Kwenye F2 naandika =D2*E2 kisha navuta chini, na simu inazidisha yenyewe. Kwenye G naandika N kama amelipa, H kama hajalipa. Halafu pembeni, kwenye kisanduku kilicho wazi, naandika hivi:

=SUMIF(G2:G200,"H",F2:F200)

Hiyo inakwambia jumla ya pesa zako zilizo kwa watu. Siku nilipoiandika mara ya kwanza ilinitolea 61,000. Nilikaa nikaitazama ile namba. Nilikuwa najua nadai watu wawili watatu. Sikujua nadai karibu gharama ya mzigo mzima. Wote walikuwa watu wa karibu, wa vikoba na majirani, na kila mmoja anadaiwa kidogo tu. Kwa hiyo ikiwa utajifunza jambo moja tu la kompyuta katika haya yote, basi jifunze huo mstari.

Safu H, namba ya mzigo, kila anayeiona hudhani ni mapambo. Nitaieleza huko mbele, maana ndiyo iliyoniokoa.

Gharama nazo ziandike kwenye karatasi ya pili ya faili hilo hilo: tarehe, nilichonunua, kiasi. Na unachochukua kwa matumizi ya nyumbani kiandike vilevile. Ukitoa 5,000 ya daftari la mtoto, andika "nyumbani 5,000". Hakuna anayekukataza kuichukua, ila iache alama ilikopita.

Namba ya biashara na WhatsApp Business

Sajili laini mpya kwa jina lako, kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, iwe ya biashara peke yake. Simu ya laini mbili inatosha. Kwenye laini hiyo weka WhatsApp Business, ile yenye herufi B. Inakaa kwenye simu moja na WhatsApp yako ya kawaida bila ugomvi, mradi kila moja iwe na namba yake. Faida yake utaiona siku shangazi atakapopiga simu ya msiba wakati unaongea na mteja; mambo mawili hayo hayatakiwi kukaa mlango mmoja.

Ukimaliza kujisajili, kabla ya jambo lolote, nenda kwenye mipangilio ya akaunti uweke ulinzi wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Kisha ujue kwamba ile namba nyingine ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS haombwi na mtu yeyote mwenye nia njema. Hata akijiita mteja, hata akisema imetumwa kwako kwa bahati mbaya. Ukimpa, akaunti imekwenda, na atawaomba pesa wateja wako wote kwa jina lako.

Sasa ijaze. Jina la biashara, maelezo mafupi, saa za kazi, eneo. Mimi sikuweka mahali hasa pa nyumba yangu. Nimeandika "Ngamiani, Tanga" tu, na anayekuja kuchukua mwenyewe namwelekeza nikishazungumza naye. Nyumba ina watoto.

Orodha ya bidhaa, ambayo wengi huiita katalogi, unaiwekea picha, jina, uzito, bei na maneno mawili matatu. Inabeba mpaka bidhaa 500, wewe weka zako mbili. Bei iandike. Nawasihi sana wafanyabiashara wenzangu, bei iandikeni. Mteja aliyeandikiwa "njoo inbox" mara nyingi haji. Anadhani unataka kumpima mfuko kwanza.

Kisha majibu ya haraka, chombo ninachokipenda kuliko vyote. Unahifadhi jibu refu, unalipatia jina fupi lenye mkwaju mbele. Mimi nikiandika /bei yanatokea haya:

"Viungo vya pilau gramu 50 ni 3,000. Viungo vya chai gramu 50 ni 3,000. Kuanzia paketi 10, kila moja 2,500. Pilau ya kilo moja ya mchele inatosha nusu paketi. Unahitaji ngapi, na uko wapi?"

Angalia lilivyoisha: kwa swali. Jibu linaloishia kwenye bei huwa linafunga mazungumzo, mteja anasema "sawa, asante" anakwenda. Nina /lipa yenye namba ya malipo na jina litakalotokea, na /basi yenye maelezo ya kusafirisha. Matatu hayo yanamaliza sehemu kubwa ya maandishi yangu ya siku.

Salamu ya kujituma yenyewe niliihangaikia zaidi. Mwanzoni niliweka "Mambo! Karibu sana" na mzee mmoja wa Korogwe akanijibu, "Mwanangu, unamwambia nani mambo?" Alikuwa na haki. Simu haijui inazungumza na nani. Nikabadilisha: "Karibu sana. Ujumbe wako umefika, nitakujibu mwenyewe kabla ya saa mbili usiku." Shikamoo naitoa mimi kwa mkono wangu, nikishajua ninayezungumza naye.

Lebo za mazungumzo nazo tumia. Mimi ninazo nne: Mpya, Amelipa, Kusafirisha, Anadaiwa. Asubuhi nafungua Kusafirisha peke yake, najua leo nafunga vifurushi vingapi.

Kuhusu kutangaza: usiwaingize watu kwenye kundi bila ridhaa yao. Namba zao zinaonekana kwa wote, na namba ya mtu ni taarifa yake. Tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na hata kabla ya sheria ilikuwa adabu. Tumia orodha ya kutangazia, ambayo kila mtu anapokea peke yake kama umemwandikia yeye. Inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia aliyehifadhi namba yako tu. Kwa hiyo unapompa mteja paketi ya kwanza, mwombe: "Hifadhi namba yangu uwe unaona mzigo mpya." Mimi natuma mara mbili kwa mwezi, mzigo unapotoka. Siku nyingine naweka kwenye status tu, inakaa saa 24 inaondoka. Niliyogundua ni kwamba video ya sekunde kumi na tano ya binzari inakaangwa, na sauti yake ile ya kuchakarika kwenye chungu, inaleta oda kuliko picha yoyote nzuri niliyopiga.

Picha na lebo

Picha piga asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, karibu na dirisha, taa imezimwa. Nyuma weka karatasi ya manila nyeupe, iegemeze ukutani ikunjike bila mstari. Futa kioo cha kamera kwa ncha ya kanga, maana simu iliyokaa jikoni ina mafuta hata kama huyaoni. Paketi ikae katikati, pembeni yake vijiti viwili vya mdalasini na karafuu chache, basi. Picha ipige ya bidhaa yako mwenyewe. Ukichukua ya mtu mtandaoni, mteja atapokea kitu tofauti na alichokiona, na hatarudi.

Lebo natengeneza kwa Canva, programu ya bure ya kuchora na kupanga maandishi. Ina violezo vingi vizuri vyenye maua na dhahabu. Achana navyo kwanza, uandike yanayotakiwa kusomeka. Jina la bidhaa, viambato vyote, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi, namba ya mzigo, jina la mtengenezaji, mahali na simu. Tarehe na namba ya mzigo mimi naacha nafasi wazi naandika kwa kalamu isiyofutika. Nahifadhi kama PDF, natuma kwa WhatsApp kwa kijana wa steshenari, anachapa kwenye karatasi ya gundi ya A4. Zinaingia lebo 25 kwa 1,500. Kabla ya kuchapa kurasa kumi, chapa moja, ibandike, imwagie tone la maji na uisugue kwa kidole. Wino wa mashine nyingine unatiririka.

Kupokea pesa

Omba Lipa Namba kwa mtandao wa simu unaotumia. Wakala aliyenisajili alitaka kitambulisho cha NIDA na TIN, yaani namba ya mlipakodi. Uzuri wake ni kwamba mteja akilipa linatokea jina la biashara, na pesa za biashara zinakaa pake, hazichanganyiki na za vocha na ada za shule.

Usitoe bidhaa kwa kutazama SMS. Kuna watu wanaotunga ujumbe unaofanana kabisa na wa mtandao, na jina lako limo. Mimi niliwahi kutoa paketi 20 kwa kijana wa bodaboda aliyeonyesha "muamala umekamilika" kwenye simu yake na mimi nikaona SMS imeingia kwenye yangu. Nilipoitazama vizuri baadaye, imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Elfu hamsini imekwenda. Tangu siku hiyo naangalia salio lenyewe kwenye menyu, mteja akisubiri, na sioni aibu kumsubirisha. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, ni bure. Na piga *106# mara moja moja uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Pesa ikiingia, jitahidi isitoke kama noti. Muuza binzari wangu namlipa kwa simu. Kila mara unapotoa kwa wakala kuna makato, na kuna tamaa pia, maana noti ikiwa mkobani haina jina.

Kusafirisha

Kwa Tanga mjini natumia bodaboda mmoja ninayemwamini, na nauli analipa mteja. Mikoani natuma kwa basi. Mzigo wa Dar unashuka Mbezi, kituo cha Magufuli, na mteja anafuata ofisi ya vifurushi ya basi hilo. Andika juu ya kifurushi kwa kalamu nene: jina kamili la mpokeaji, simu yake, mahali anapopokelea, kisha simu yako. Mwaka jana niliandika jina la kwanza tu, bila simu, kwenye mzigo wa Morogoro. Ukalala ofisini siku nne, na mteja alikuwa ameununua kwa ajili ya harusi. Pilau ya harusi haingoji. Nilimrudishia pesa yote na paketi zikabaki kwake.

Ukipewa risiti ya kifurushi ipige picha hapo hapo kaunta, imtumie mteja pamoja na namba ya basi na saa lilipoondoka. Kufanya hivyo hakukugharimu kitu, na maswali ya "umefika wapi?" yanapungua sana.

Makaratasi

Watu wengi wanaogopa hapa kuliko panavyostahili. TIN ni bure, unaiomba TRA kwa namba yako ya NIDA, hata mtandaoni. Nilipokwenda kukadiriwa nilifungua lile jedwali langu kwenye simu. Mauzo yangu ya mwaka hayakufika shilingi 4,000,000, na kwa mfanyabiashara mdogo wa kiwango hicho kodi ya makadirio ilikuwa sifuri. Bila jedwali ningekuwa nasema tu kwa mdomo, na mtu anayekadiria naye angesema kwa mdomo wake. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mfumo wa mtandaoni, na ada yake ni ndogo kuliko nilivyonunua kilo ya karafuu. Leseni ya biashara ni ya halmashauri, siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI. Malipo yote hayo yana namba ya malipo ya serikali. Anayekuomba utume kwenye simu yake, mkatalie.

Kwa sisi wa vyakula, nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo. Lipo tangu 1973 na lina ofisi mikoani. Wanafundisha usindikaji, na wanaandika barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango. Ukipita njia hiyo, mjasiriamali mdogo hasamehewi viwango, lakini anasamehewa gharama za alama ya ubora kwa miaka mitatu ya kwanza. Mimi jiko langu halikufaa, maana hapo hapo napika ugali na kufua soksi. Nikatenga chumba cha uani, nikaweka wavu dirishani, meza ya kufutika, na rafu ili viungo visikae sakafuni. Walio Zanzibar wana ZBS, na Kenya wana KEBS, kwa hiyo waulize huko.

Ile safu H

Nilisema nitaieleza. Mzigo namba 7 niliusaga siku ya mvua, nikachelewa, umeme ukawa unakatika. Viungo vikitoka mashineni vina joto, ukizamisha mkono unausikia. Kwa kawaida navitandaza kwenye sinia pana, juu nafunika kwa kitambaa cheupe, vinalala mpaka vipoe kabisa. Siku ile nilivipa muda mfupi, nikafunga. Usiku ule joto likageuka unyevu ndani ya vifuko, nami sikuuona kwa kuwa lebo ilikuwa imefunika.

Wiki tatu baadaye mteja wa Dodoma akanitumia picha. Kwenye pembe ya paketi, utandu wa kijivu. Akaandika tu, "Dada, hii ni kawaida?"

Si kawaida. Ilikuwa ukungu. Nilimwomba anisomee namba iliyoandikwa kwa kalamu karibu na tarehe. Akasema 7. Nikafungua jedwali, nikachuja safu H ionyeshe 7 peke yake, na yakabaki majina 14, paketi 31. Zilizobaki 14 zilikuwa bado chumbani kwangu. Nilizifungua zote nikazimwaga, hata zile zilizoonekana nzima.

Kisha nikaandika kwa mmoja mmoja, kwa mkono, si kwa orodha ya kutangazia: "Salaam. Paketi zangu zenye namba 7 zina kasoro ya unyevu. Tafadhali usizitumie, zitupe. Nakutumia nyingine bila malipo, na nauli ni yangu. Samahani sana." Wawili walikuwa wameshapika na kumaliza bila kuona tatizo. Watatu walisema nisihangaike. Nikawatumia wote. Iligharimu karibu faida ya mwezi na nusu, na nililia kidogo, nikiwa peke yangu uani.

Kama ningekuwa sina ile safu, ningekuwa na njia mbili tu: kunyamaza nikaomba Mungu, au kuwaambia wateja wote tangu mzigo wa kwanza kwamba viungo vyangu vina ukungu. Namba moja iliyoandikwa kwa kalamu kwenye lebo, na tarakimu hiyo hiyo kwenye jedwali, vikanipa njia ya tatu. Yule wa Dodoma sasa anachukua paketi ishirini kila mwezi anauza ofisini kwao.

Sasa kwenye jedwali nimeongeza safu ya tisa, saa viungo vilipotoka mashineni na saa nilipofunga. Saa zilizopita kati ya hizo mbili zikiwa chini ya kumi na mbili, mzigo hautoki.

Jumapili baada ya Isha, watoto wakishakula, nakaa na simu na daftari. Mwanangu mkubwa, yuko darasa la sita, ananisomea yaliyoandikwa daftarini, mimi naingiza kwenye jedwali. Nahesabu paketi za kwenye rafu, nalinganisha na zilizosalia kwenye simu. Naangalia kisanduku cha madeni. Nakumbusha wanaodaiwa, kwa upole, kila mmoja na jina lake. Natazama kama chelezo ya WhatsApp, yaani nakala yake ya akiba, imepanda kwenye Google Drive. Inachukua dakika arobaini hivi. Jumapili iliyopita kisanduku kilisoma 6,000, na mwenye hiyo 6,000 ni mama wa nyumba ya tatu, ambaye kesho yake asubuhi alinitumia mtoto na noti tatu za elfu mbili mbili.